Dalali wa nani? Mtihani wa leseni ya nyumba California na mazoea yetu ya cha juu

Swali lilikuwa hivi. Mwenye nyumba anamwambia wakala: "Mimi nataka dola 500,000 mkononi. Utakachopata juu ya hapo ni chako." Wakala anamleta mnunuzi wa dola 560,000. Afanye nini?

Tulikuwa watu wanne tumeizunguka meza ya jikoni, San Diego, Jumapili jioni, chupa ya chai katikati na maandazi yaliyobaki ya asubuhi. Watatu tulijibu bila kupepesa macho: achukue sitini zake, si ndivyo walivyokubaliana? Wa nne ni dada mmoja msusi, na yeye ndiye hasa aliyekuwa akijiandaa na mtihani wa leseni ya kuuza nyumba. Akaivuta karatasi, akaisoma tena kwa kidole, akasema, "Hapa kuna mtego."

Mtego ulikuwepo. Mpango wa namna hiyo majimbo mengi ya Marekani yameupiga marufuku. California inauruhusu, ila kwa sharti moja zito: kabla mwenye mali hajasaini kukubali ofa, au hapohapo anaposaini, awe ameshaambiwa na wakala kiasi kamili ambacho wakala anakipata. Akikaa kimya, zile dola elfu sitini zinaitwa faida ya siri, na faida ya siri inamla mtu leseni.

Kwetu kitu hiki kina jina lake, wala hakitufichi uso: cha juu. Aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam anamjua dalali. Anakutoza hela ya kukuzungusha kabla hujaona hata kitasa. Ukipata chumba anadai kodi ya mwezi mzima. Na mwenye nyumba aliyesema laki mbili, wewe unaambiwa laki mbili na nusu. Hamsini hiyo haina risiti. Muulize dalali yuko upande wa nani, atakushangaa. Yuko katikati, anasikilizana na wote, na upande wake ni ule ambao biashara itafungika. Sisemi kwa kumdharau. Wapo madalali waungwana, na bila wao mji ule ungekuwa mgumu zaidi kupangika. Lakini nimeshakaa na watu wetu wa kutosha wanaojiandaa na mtihani huu, Wabongo, Wakenya, Wakongo, na nimefikia mahali pa kusema wazi: wengi wanaofeli hawaangushwi na Kiingereza kama wanavyotuambia. Wanaangushwa na yule dalali waliyekuja naye kichwani.

Tuutazame mtihani wenyewe. Maswali 150 ya kuchagua jibu, saa tatu, ufaulu ni asilimia 70. Maana yake unahitaji majibu sahihi 105, na kila swali una sekunde 72 za kuhangaika nalo. Kabla ya kuruhusiwa kuketi unatakiwa uwe na miaka 18 na uwe umemaliza kozi tatu za saa 45 kila moja: misingi, utendaji, na moja ya kuchagua. Idara ya jimbo inayosimamia biashara hii haifichi uzito wa kila eneo. Utendaji wa kazi na wajibu wa kuweka mambo wazi, asilimia 25. Uwakala, 17. Umiliki na udhibiti wa matumizi ya ardhi, 15. Uthamini na hesabu, 14. Mikataba, 12. Mikopo, 9. Uhamishaji wa mali, 8.

Chukua hiyo 25, ongeza 17, ongeza 12 ya mikataba: 54. Maswali 81 kati ya 150 yanazunguka mambo matatu: unamfanyia nani kazi, umemwambia nini, na umeyaandika wapi. Hakuna eneo la namna ya kumpata mteja. Hakuna eneo la namna ya kumshawishi mtu anunue leo. Mtu aliyezoea kuuza, mwenye mdomo mtamu, anayejiona amezaliwa na kazi hii, anaingia chumbani akidhani atapimwa biashara, anakuta anapimwa amana. California ndiyo iliyotangulia majimbo mengine kutunga sheria ya leseni hizi, mwaka 1917. Mahakama ikaitengua, ikatungwa nyingine 1919, ndiyo ikakaa. Na tangu hapo kusudi lake halijabadilika: kumkinga mwananchi dhidi ya anayemwonyesha nyumba.

Dada yetu msusi hesabu zilikuwa rafiki zake tangu mwanzo. Kilichomchosha ni uwakala. Alikuwa akisoma "wakala wa pande mbili" na kuona kwamba huyo ndiye dalali wa Kariakoo kabisa, kavaa tai tu. Sivyo. California inakubali mtu mmoja kuwawakilisha muuzaji na mnunuzi katika nyumba ileile, mradi wote wawili wamejua na wameridhia kwa maandishi. Lakini akishafika hapo mdomo wake unafungwa: hawezi kumnong'oneza mnunuzi kwamba muuzaji atapokea pungufu ya bei aliyotangaza, wala kumnong'oneza muuzaji kwamba mnunuzi ana uwezo wa kupanda, bila ruhusa ya mwenye siri. Yaani kazi yote ambayo dalali wetu anaifanya kwa sifa, kusogeza huku na kule hadi bei zikutane, ndiyo aliyokatazwa.

Na wakala hayuko peke yake. Leseni hii ya wakala wa mauzo haisimami kwa miguu yake. Lazima ining'inie chini ya broka, yaani wakala mwenye leseni ya juu zaidi anayewajibika kwa kazi yako, na hata malipo hayatoki mkononi mwa mteja kuja kwako, yanapitia kwa broka. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya Horiike, kuhusu jumba moja la Malibu. Matangazo yalisema nyumba ina kama futi za mraba 15,000, huku kibali cha ujenzi kikisimulia nyumba ndogo kuliko hiyo. Wakala wa muuzaji na wakala wa mnunuzi walikuwa watu wawili tofauti, ila wote chini ya broka mmoja. Wakala wa muuzaji akajitetea kwamba mnunuzi hakuwa mteja wake, basi deni la uaminifu hana kwake. Mahakama ikakataa: broka amekuwa wakala wa pande zote mbili, na anayefanya kazi kwa leseni ya broka huyo anabeba wajibu uleule. Nilimsimulia dada yetu kesi hiyo akiwa anamsuka mtu. Alisimamisha mkono hewani, kitana kikiwa katikati ya nywele, akauliza, "Kwa hiyo hata kama sijawahi kumwona huyo mnunuzi?" Hata kama hujawahi kumwona. Tangu siku ile maswali ya uwakala yakaanza kumlainikia.

Eneo la pili linalotukwaza linauma zaidi, kwa sababu linagusa wema wetu. Familia imefika karibuni, haijui mji. Inamwambia wakala wa kwao: "Tutafutie mtaa wenye wenzetu, tusikae peke yetu." Kwa malezi yetu jibu lipo wazi, tena atakayekataa tutamwona ana roho mbaya. Kwenye mtihani, wakala akianza kuwachagulia mitaa kwa kuangalia asili ya wakaazi, amevunja sheria ya makazi ya haki. Nia njema haimwokoi. Anachoweza kufanya ni kuuliza bajeti, vyumba, umbali na kazini, kisha awaonyeshe nyumba zote zinazoingia humo. Familia yenyewe ndiyo itakayochagua wapi ikae. Nimeona watu watano, kila mmoja kwa wakati wake, wakikosea swali la aina hii na kukasirika, wanaona sheria ya kizungu imekuja kuwafundisha ujirani.

Hasira hiyo hupungua ukijua ilikotoka. Mwaka 1924 kanuni za maadili za chama cha kitaifa cha mabroka zilimtaka mwanachama asichangie kuingiza mtaani watu wa rangi au taifa ambao kuwepo kwao kutashusha thamani ya nyumba. Hayo yaliandikwa kama maadili! California ilipopitisha sheria ya Rumford mwaka 1963 kuzuia ubaguzi wa makazi, chama cha mabroka cha jimbo kiliongoza kampeni ya kuifuta, na mwaka uliofuata karibu theluthi mbili ya wapiga kura wakakubali, kwa kura iliyoitwa Pendekezo la 14. Mahakama ya Juu ya California ikalitengua mwaka 1966, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 1967. Sheria ya kitaifa ya makazi ya haki ikasainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Kwa hiyo unapokutana na swali la wakala anayewaelekeza wateja weusi mtaa huu na weupe mtaa ule, aliyekuwa akitenda hivyo alikuwa na kitabu cha maadili mfukoni. Sheria imeziba mlango wote, ikiwa ni pamoja na tundu dogo la hisani tunalotaka kupitia sisi. Jimbo lenyewe limeongeza juu ya orodha ya kitaifa: chanzo cha kipato, hali ya uhamiaji, hata lugha anayoizungumza mtu. Na tangu 2024 kozi ya utendaji lazima iwe na sehemu ya kuigiza, mmoja mteja, mwingine wakala. Katika saa zote 135, hizo kwangu ndizo zisizo na makapi.

Asilimia 25 ile kubwa kuliko zote inaelezeka kwa nyumba moja. Iko Diablo, mji mdogo mashariki ya Oakland. Mama mmoja aitwaye Easton aliinunua mwaka 1976 kwa dola 170,000. Haukupita muda mrefu ardhi ikaanza kuteleza, kwa sababu nyumba ilisimama juu ya udongo wa kujazia ambao haukushindiliwa ipasavyo. Thamani ikaporomoka hadi kukadiriwa dola 20,000. Mawakala waliokuwa wakiuza walikuwa wameona wavu uliotandikwa mtelemkoni, na sakafu ya nyumba ya wageni haikuwa sawa. Hawakuuliza, hawakusema. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikasema kutokujua si kinga kwa mtu ambaye kazi yake ni kuangalia. Bunge la jimbo likaiweka kanuni hiyo kwenye sheria: wakala wa nyumba ya makazi anatakiwa aikague kwa macho, kwa umakini wa kweli, na aseme alichokiona. Ukiikumbuka nyumba ya Diablo na wavu wake, nusu ya maswali ya kuweka wazi unayajibu bila kukariri namba ya kifungu.

Kuna jingine dogo ninalolipenda. Mtu amefia ndani ya nyumba: lazima useme? Sisi tungesema bila shaka; kwetu mnunuzi huuliza hilo kabla ya kuuliza maji, maana nani anataka kurithi majini ya mtu. California inasema kifo kikiwa na zaidi ya miaka mitatu kabla ya ofa, kutokukitaja si kosa. Lakini mnunuzi akikuuliza uso kwa uso, usithubutu kudanganya. Chunguza jinsi swali linavyoandikwa: kama lina neno "aliuliza", jibu linageuka.

Kwenye istilahi, hapo Mswahili ana neema asiyoijua. Wamarekani wenyewe wanahangaika na maneno pacha, moja linaishia na -or, jingine na -ee, kama lessor na lessee, mortgagor na mortgagee; nani mpangishaji na nani mpangaji, nani anadai na nani anadaiwa. Lugha yetu ilishatenganisha hayo zamani ndani ya kitenzi: panga na pangisha, kopa na kopesha. La rehani ndilo linalowaua wengi, kwa sababu anayeishia na -or, aliye mtoaji, ni mkopaji, wakati akili inamtaka mtoaji awe benki. Lakini sisi tunasemaje? Mtu anaiweka nyumba yake rehani. Yeye ndiye mtoaji wa rehani, benki inaipokea. Neno hili limezunguka pwani yetu tangu enzi za mashamba ya karafuu ya Unguja. Lisome kwa Kiswahili kwanza, ndipo uliandike kwa Kiingereza, na hutalikosea tena maishani.

Hesabu nitazipitia haraka, kwa kuwa hazistahili hofu zinayopewa. Nyumba ya kupangisha inabakiza dola 36,000 kwa mwaka baada ya matumizi, wawekezaji wa eneo wanataka faida ya asilimia 6 kwa mwaka: gawa 36,000 kwa 0.06, thamani ni 600,000. Ekari ni futi za mraba 43,560, hiyo huna budi kuikariri. Mkenya atakuambia ploti ya hamsini kwa mia ni thumuni ya ekari. Mwambie azidishe, atapata 5,000, huku thumuni halisi ikiwa 5,445. Futi 445 zimekwenda wapi, amuulize aliyemuuzia. Na ile lugha ya ramani, robo ya kaskazini-mashariki ya robo ya kusini-magharibi ya sehemu fulani (section, kipande cha ardhi kwenye ramani za serikali), isome kama unavyosoma "mtoto wa shangazi wa mke wangu": ukitaka kumpata huyo mtoto, anza na mke. Sehemu nzima ni ekari 640, robo yake 160, robo ya robo 40.

Nililo na ugomvi nalo ni biashara ya maandalizi. Wanakuuzia maswali elfu moja, elfu mbili, kwenye simu, na ahadi kwamba ukiyazungusha wiki tatu umefaulu. Watu wetu wanayakariri kama watoto wa madrasa wanavyokariri sura ambayo maana yake hawajafunuliwa. Swali likibadilishwa jina la mhusika na kiasi, limeshakuwa geni. Tena maswali yanachacha. Kuanzia tarehe 17 Agosti 2024, kufuatia mapatano ya kesi dhidi ya chama cha kitaifa cha mabroka, wakala anayefanya kazi na mnunuzi anatakiwa wawe wamesaini makubaliano kabla ya kumtembeza kwenye nyumba. California ikaongeza sheria yake kuanzia Januari 2025, na mkataba wa mnunuzi wa kawaida na broka wake hauruhusiwi kuzidi miezi mitatu kwa mkupuo. Fungu la maswali la miaka mitano nyuma litakufundisha dunia ambayo haipo. Ninachowashauri wanaoniuliza ni cha kuchosha: chukua swali moja, ulieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua chochote, mama mkwe akiwepo ni bora zaidi, mpaka aulize "sasa hapo kosa liko wapi?" na uweze kumjibu.

Nina lawama pia kwa jimbo. Mikopo kupewa asilimia 9 tu, baada ya yale ya 2008, sielewi. Familia ngapi zilipoteza nyumba kwa mikopo ya riba iliyoruka, ambayo aliyewauzia hakuweza kuieleza? Ni kweli kwamba sasa kupanga mikopo ya nyumba kunahitaji kibali cha ziada juu ya leseni. Lakini mnunuzi mgeni swali la kwanza la mkopo anamuuliza aliyemwonyesha nyumba, hasa wakiongea lugha moja. Na lugha nayo: mkataba wa kupangisha ukijadiliwa kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu au Kikorea, sheria ya California inadai tafsiri itolewe kabla ya kusaini. Kiswahili hakimo. Mkongo aliyefika mwaka jana anasaini asichokisoma, anamtegemea mwenye leseni anayeongea kama yeye. Ndiyo maana nakereka mtu huyo anapokuwa amepita kwa kukariri.

Dada yetu alifeli mara ya kwanza. Anayefeli hupewa karatasi yenye asilimia zake kwa kila eneo, na ile yake ilikuwa kama picha ya hospitali: hesabu imesimama vizuri, uwakala umevunjika. Aliibandika kwenye kioo cha saluni. Mara ya pili alifaulu, na anayefaulu haambiwi alama. Unaambiwa umefaulu, basi. Alinipigia simu akiwa bado kwenye maegesho, akilalamika. "Nimesoma miezi minane hawawezi kuniambia nimepata ngapi?"

Sasa yuko chini ya broka mmoja, saluni anafungua siku nne tu. Wiki iliyopita binamu yake wa Sacramento, anayehamia San Diego, alimpigia: amtafutie nyumba karibu na Waswahili, na amwambie kabisa cha juu chake ni kiasi gani ili ajipange. Nilikuwepo. Aliweka simu kwenye spika, akafuta mikono mafuta, akamjibu, "Kaka, tusaini kwanza."